Vipande Sita vya Leso

Mtu akiulizwa leo kanga imetoka wapi, aghalabu hutaja kiwanda au tajiri. Mmoja atasema imetoka India, wa pili atasema Urafiki, na wa tatu, akiwa mtu wa Mombasa, atamtaja Abdulla. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba kanga imetoka katika sindano ya mwanamke. Historia ya vazi letu hili imeandikwa zaidi kwa kumfuata aliyeliuza, na kidogo mno kwa kumfuata aliyelishona. Makala haya yanakusudia kumrudia huyo wa pili.

Kabla ya leso, nguo iliyotawala pwani ilikuwa merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem yakawa yanateremsha Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Nguo hiyo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Ikichovywa katika nili iliitwa kaniki. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa vazi la mtumwa na la fukara, na kwa hivyo mtu aliweza kujulikana daraja yake kabla hajafungua kinywa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliiadimisha pamba ya huko, na nguo za Uingereza na India zikaziba pengo. Pamoja na hizo ziliuzwa leso: vitambaa vya mraba vya rangi, vilivyochapwa kwa kufuatana katika jora moja, muuzaji akimkatia mnunuzi idadi aitakayo. Jina lenyewe lilikuwa la zamani zaidi, maana Mreno alikuwa ametuachia neno lake lenço, yaani kitambaa cha mkononi.

Leso moja haimsitiri mtu. Ni ya kujifutia jasho au kufungia sarafu pembeni. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja na Mombasa waliitazama kwa jicho jingine. Simulizi ya pwani, ambayo watafiti wengi wameipokea, yasema kwamba walinunua vipande sita vilivyoungana katika jora, wakavikata katikati ili wapate safu mbili za vipande vitatu vitatu, kisha wakazilaza safu hizo ubavu kwa ubavu na kuzishona. Mshono mmoja mrefu ukatoa nguo pana ya kujifunga kifuani au kujitanda kichwani.

Baadaye wengine hawakutosheka na hilo. Walinunua leso za namna mbalimbali, wakachagua kipi kikae wapi, wakaunga kipande kwa kipande. Hizo ndizo zilizoitwa leso za kushona. Tuhesabu kazi yake. Vipande sita vikipangwa safu mbili, kila safu ina maungio mawili, na baina ya safu na safu kuna maungio matatu: jumla ni saba. Kipande kimoja kikizidi kingine hata kwa upana wa ukucha, nguo nzima hujikunja. Kwa hivyo mshonaji huanza kwa kuvilinganisha, huunga kila safu peke yake, na mwisho hupitisha mshono mrefu unaozikutanisha safu, akiangalia njia panda za katikati ziangukiane sawa.

Anayefuma kwa kulabu anayaelewa haya bila ya kuelezwa. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, na wako wanaofuma miraba midogo ya sufi, kila mmoja ukianzia katikati na kutanuka duara kwa duara, kisha wakaiunga ikawa blanketi. Naye huulinganisha mraba na mwenzake, huunga safu, kisha safu kwa safu. Maelezo ya kufuma miraba ya namna hiyo, yanayotajwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kuchapwa, yalitoka Marekani mwaka 1885 katika gazeti la wakulima, Prairie Farmer. Ni miaka ile ile leso za kushona zilipokuwa zikivaliwa Unguja. Wanawake hao hawakujuana wala hawakuigana. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni vipande vidogo na haja ya kitu kipana.

Tajiri hakuchelewa kuuona mtindo huo. Wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa wakapeleka habari ng'ambo, na kabla ya karne kwisha viwanda vya Ulaya, kikiwamo cha van Vlissingen cha Helmond, Uholanzi, vikawa vinachapa nguo nzima yenye upana uliokwisha amuliwa na washonaji. Mshono ukafutika. Ikabaki nguo yenye pindo pande zote, mji katikati, na baadaye jina. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuingia za Kirumi, na mara nyingi sifa ya kuyaeneza hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887 na ambaye kanga zake hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Sifa yake simnyang'anyi. Nasema tu kwamba yeye alilipa jina nyumba waliyokwisha kuijenga wengine.

Nguo hii ilipoingia Dar es Salaam, ilikuta mji wa watu waliotafuta pa kuanzia upya. Mji ulianzishwa na Sultan Majid katika miaka ya 1860, ukawa makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, kisha ukagawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baina ya hao wa mwisho ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Uswahilini ndiko kuliko Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa mwanamke ambaye mama yake alivaa kaniki kwa kulazimika, doti ya kanga haikuwa pambo tu. Ilikuwa ni kusema, bila ya kusema, kwamba daraja ile imekwisha.

Na huko Kariakoo kanga iliunga watu. Vikundi vya lelemama vilivaa sare, na sare ilikuwa kanga moja kwa wote. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 na kuwatafuta wanawake, iliwapata kwa njia ya vikundi hivi. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, aliviendea kimoja kimoja, navyo vikaleta maelfu ya wanachama. Hakuwakusanya watu waliotawanyika. Aliunga vipande ambavyo kila kimoja kilikuwa kimekwisha kufumwa na wenyewe.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, na kanga ikawa inachapwa katika mji huo huo inamovaliwa. Lakini tazama jinsi inavyouzwa hata leo katika maduka ya Mtaa wa Uhuru na ya Kariakoo. Doti hutoka dukani ikiwa kipande kimoja, kanga mbili hazijatengana. Mnunuzi huikata mwenyewe, au humpelekea fundi wa cherehani barazani aikate na kuikunja ncha. Bibi alinunua vilivyotengana akaviunga. Mjukuu hununua vilivyoungana akavitenga. Katika hali zote mbili nguo haijawa nguo mpaka sindano ipite, na wanawake wawili wakigawana doti moja hubaki wameunganishwa nayo.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Neno moja, kutunga, latumika kwa uzi unaoingizwa katika sindano, kwa shanga zinazopangwa ugweni, na kwa shairi. Sisi wapenzi wa ushairi huhifadhi majina ya watungaji wetu na kugombana juu ya tungo zao. Watungaji wa leso hawakuhifadhiwa jina hata moja, ijapokuwa kazi yao imevaliwa na watu wengi kuliko waliopata kusoma utenzi wowote.

Nguo ya pamba haidumu pwani. Joto, chumvi na mende huila. Kwa hivyo aliye na leso ya kushona katika sanduku la bibi yake asiikate viraka wala asiitoe mtumba. Aikunjue kivulini, ahesabu maungio, na amuulize mzee aliye hai ni mkono wa nani ulioyapitisha. Jina hilo aliandike.