Tathmini ya Ufafanuzi wa Kiolesura kwa Wakala wa Akili Unde

Kiolesura cha programu, ambacho mafundi wa kompyuta hukiita kwa kifupi API, ni utaratibu uliowekwa ili programu moja iweze kuiomba nyingine taarifa au kazi na kujibiwa kwa namna inayojulikana mapema. Istilahi hii ilikwisha kuonekana katika maandiko ya kitaaluma mwaka 1968, na kwa miongo mingi aliyesoma maelezo ya kiolesura alikuwa mtunga programu, yaani binadamu ambaye, maelezo yalipopungua, aliweza kukisia, kujaribu au kumwuliza mwenzake. Leo amejitokeza msomaji mwingine, wakala wa akili unde, ambaye ni programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida, ikachagua yenyewe zana ya kutumia, yaani kiolesura kinachofaa, ikajaza taarifa zinazotakiwa na kutenda kwa niaba ya aliyeiagiza.

Neno wakala linaifaa dhana hii, kwa kuwa Watanzania wamelizoea kwa mtu anayepokea na kutoa fedha za simu kwa niaba ya kampuni, na kwa taasisi kama Wakala wa Vipimo, inayotekeleza jukumu la Serikali. Neno nyaraka, linalotumiwa mara nyingi kwa maandishi yanayoambatana na programu, lina upungufu, kwa sababu hujumuisha hata barua na kumbukumbu za ofisi bila kudokeza kazi ya kueleza, ilhali neno ufafanuzi huitaja kazi hiyo waziwazi. Kwa msingi huo, tathmini ya ufafanuzi wa kiolesura ni upimaji wa kiasi ambacho maelezo ya zana humwezesha wakala kuichagua inapostahili, kuitumia ipasavyo na kuiacha isipohitajika.

Vigezo vya tathmini hiyo hudhihirika vikipimwa kwa mahitaji ya Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Morogoro iliyo upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ambako wakulima hupanda ndizi na viungo kama pilipili manga, karafuu na mdalasini. Ichukuliwe zana inayotoa utabiri wa mvua na bei za mazao. Ufafanuzi wake ukidai jina la mahali tu, wakala anaweza kumletea mkulima wa Uluguru mvua ya Mwanza, kwa kuwa jijini humo pia ipo kata iitwayo Mkuyuni. Ukidai msimbo wa posta, ambao nchini Tanzania una tarakimu 5 na hutambulisha kata, utata huo huondoka. Kadhalika, usipobainisha kwamba muda huandikwa kwa mfumo wa saa 24, mkulima atakayetaja saa 3 asubuhi anaweza kuandikiwa 03:00 badala ya 09:00. Bei nayo haina maana pasipo kipimo, kwa maana gunia lisilotajwa uzito laweza kuwa la kawaida au lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi kinachoruhusiwa. Zaidi ya hayo, ufafanuzi hueleza umbo la jibu, sababu ya kila kosa pamoja na njia ya kulirekebisha, na tofauti kati ya zana inayosoma tu na ile inayobadili mambo, kama kutuma malipo, ambayo huhitaji idhini ya mwenye fedha kwanza.

Ukaguzi wa kusoma hufichua mapengo mengi, lakini uthibitisho hutokana na majaribio. Wakala hupewa ufafanuzi peke yake pamoja na maswali ya kweli ya watumiaji, kisha huangaliwa kama amechagua zana sahihi, amejaza taarifa sahihi na amejinasua baada ya kukosea. Kila swali hurudiwa mara kadhaa, kwa sababu wakala huyohuyo anaweza kutenda tofauti kwa agizo lilelile, na sehemu moja tu ya maelezo hubadilishwa kwa wakati mmoja ili chanzo cha nafuu kijulikane. Makosa yanayojirudia penye sentensi ileile huelekeza marekebisho kwenye sentensi hiyo, kabla ya lawama kumwendea wakala.

Mkulima wa Mkuyuni huuliza kwa Kiswahili, kwa saa za Kiswahili na kwa vipimo vya sokoni, hivyo tathmini iliyofanywa kwa maswali ya Kiingereza pekee haimthibitishii chochote. Taasisi za Tanzania zinazofungua violesura vyao kwa wakala wa akili unde zinapaswa kuweka katika ufafanuzi mifano ya maswali ya Kiswahili, na kuvijaribu kwa maswali hayo kabla ya kuviruhusu vitumike.