Ndoa ya Mgeni Mjini: Kutoka Trento hadi Kariakoo



Wapendwa taifa la Mungu, katika maparokia ya katikati ya jiji la Dar es Salaam lipo swali linalosikika mara kwa mara ofisini. Vijana wawili huketi mbele ya paroko na kusema: “Baba, sisi si wenyeji wa hapa. Mmoja wetu ametoka Kigoma, mwingine Mbinga, nasi tunapanga Kariakoo. Je, twaweza kufunga ndoa hapa?” Wengine, wakiisha kuchoshwa na safari za kutafuta barua na vyeti, huuliza kama isingekuwa nyepesi zaidi kwenda bomani. Juma hili tumeona vema kulitafakari swali hilo kwa njia ya historia. Wengi hudhani kwamba masharti haya ni usumbufu uliobuniwa na makarani, kumbe yalizaliwa kwa ajili ya mgeni mwenyewe, na zaidi kwa ajili ya yule asiyekuwapo ofisini.

Kariakoo yenyewe ni mtaa uliozaliwa na wageni. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa vita, watu walioondolewa makwao ili wabebe mizigo ya jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita soko likakua mahali pale, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya la soko lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo mzalendo. Nyumba za vyumba sita zikapokea wapangaji kutoka kila pembe ya nchi na ng’ambo ya mipaka. Katika mtaa wa namna hiyo jirani hukujua kwa bidhaa unazouza na kwa kodi unayolipa. Hajui kama kijijini kwenu umeacha mke, au mume, au watoto.

Kijijini mambo ni mengine. Posa hupitia kwa mshenga, wazee huulizana ukoo, na mwenye neno hulisema mapema. Mtu hawezi kuoa mara mbili kwa siri mahali ambapo kila bibi kizee alikuwapo siku ya harusi yake ya kwanza. Mjini ulinzi huo haupo, na hili si jambo jipya hata kidogo.

Mama Kanisa alikutana nalo zamani sana. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza kwamba ndoa zitangazwe hadharani kanisani, ili ajuaye kizuizi apate kukisema. Hata hivyo, ndoa za siri ziliendelea. Mwanamume aliweza kumwoa mwanamke pasipo shahidi, kisha akamkana na kumwoa mwingine mbele ya watu wote, na yule wa kwanza asiwe na la kuthibitisha. Ndipo Mababa wa Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, walipotoa amri iitwayo kwa Kilatini Tametsi. Iliagiza ndoa itangazwe katika sikukuu tatu mfululizo, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na paroko aiandike katika kitabu. Katika maagizo hayo hayo Mababa waliweka sura ya pekee juu ya watu wanaotangatanga bila makazi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wakiwatelekeza wake zao na kuoa tena katika nchi nyingine. Waliwakataza maparoko kuwafungisha ndoa watu hao mpaka wafanye uchunguzi wa makini na kupata ruhusa ya Askofu. Tukiyasoma hayo leo, twaweza kudhani waliwahi kupita Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi!

Tusidhani, lakini, kwamba Kanisa lilimkataa mgeni. Katika pwani yetu ndoa za Kikatoliki za mwanzo zilikuwa ndoa za wageni hasa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar mwaka 1863 na kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipokea watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto walionyakuliwa mbali na wazazi wao. Walipokua walifunga ndoa na kupewa makazi katika kijiji cha Kikristo. Ni nani angewasimamia katika posa? Mzazi hakujulikana alipo, na ukoo ulipotelea njiani. Jumuiya ya waamini ikawa ndiyo ukoo wao na shahidi wao. Hapo twaona sura mbili za jambo moja: kumchunguza mgeni, na kumpokea.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 1907, Papa Pius X alipotoa amri ya Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Tangu hapo ndoa ikifungwa, habari zake hupelekwa kwenye parokia ya ubatizo na kuandikwa katika kitabu cha ubatizo. Ndiyo sababu paroko hakubali cheti cha ubatizo cha miaka ishirini iliyopita, bali huomba kipya. Haulizi tena kama ulibatizwa. Ataka kuona kama pembeni mwa jina lako imeandikwa ndoa.

Na je, mgeni ni nani kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983? Hapa wengi hujitia hofu bure. Aliyekaa parokiani kwa nia ya kudumu hapo, au aliyetimiza miaka mitano, ana makazi kamili. Aliyekaa kwa nia ya kubaki miezi mitatu, au aliyeitimiza, ana makazi ya muda. Na kuhusu ndoa, kanuni ya 1115 yaruhusu ifungwe katika parokia ambamo mmoja wa wachumba amekaa mwezi mmoja. Basi mpangaji wa Kariakoo si mgeni kama anavyodhani. Mgeni hasa, ambaye kanuni ya 1071 yataka ruhusa ya Askofu kabla ya kumfungisha ndoa, ni yule asiye na makazi popote. Wengine wote wana paroko, ila labda hawajaenda kumsalimu.

Serikali nayo ilifuata njia inayofanana na hiyo. Kabla ya mwaka 1971 Tanzania Bara ilikuwa na sheria mbalimbali za ndoa kadiri ya dini na asili ya watu. Baada ya Serikali kutoa mapendekezo yake mwaka 1969 na wananchi kuyajadili, Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo yatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, yaani ile tuiitayo ndoa ya bomani. Wachumba hutoa taarifa ya kusudio lao walau siku 21 kabla, taarifa hutangazwa, na mwenye pingamizi halali aweza kulileta, nayo mahakama hulitolea uamuzi. Mashahidi wasiopungua wawili ni lazima. Msajili Mkuu aweza kutoa leseni maalumu ya kuondoa sharti la taarifa, akiridhika kwamba ipo sababu ya kutosha, na mara nyingi waombaji ni watu wenye safari au raia wa nchi nyingine. Hao nao kwa kawaida hutakiwa kuleta uthibitisho kutoka kwao kwamba hawana ndoa nyingine. Mtaona kwamba siku 21 za bomani na matangazo yetu ya Dominika tatu ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa Mkatoliki, ndoa ya bomani peke yake haitoshi, kwa kuwa amefungwa na utaratibu wa Kanisa wa kuweka ahadi mbele ya mhudumu wake na mashahidi wawili. Hata hivyo tusiwadharau walioifunga. Wamekubali kutajwa hadharani na kuandikwa, nao wako karibu na mlango wa kanisa kuliko wanavyofikiri. Waje, tuzungumze. Wanaotutia huzuni zaidi ni wale waishio pamoja miaka kumi wakisema barua kutoka nyumbani haijafika. Ni kweli sheria ya mwaka 1971 huwadhania kuwa wanandoa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambuliwa hivyo na watu, lakini dhana hiyo yaweza kukanushwa, na mara nyingi huletwa mahakamani wakati mmoja amekwisha fariki au amekwisha fukuzwa. Wangapi wetu tumeshuhudia msiba ambamo wajane wawili wanakutana mbele ya jeneza moja, kila mmoja na watoto wake, wala hakuna aliyejua habari za mwenzake? Tangazo la Dominika tatu lingeweza kuwaepusha na aibu na machozi hayo.

Kitabu cha Ruthu chatupa mfano. Ruthu alikuwa Mmoabu, mgeni katika Bethlehemu, mjane na maskini. Boazi hakumchukua usiku kwa siri. Asubuhi alikwenda kuketi langoni pa mji, akawaita wazee kumi, akamweleza jambo lile jamaa aliyekuwa na haki kabla yake, akampa nafasi ya kusema. Yule alipojitoa, Boazi alimtwaa Ruthu mbele ya mashahidi. Katika ukoo wao akazaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi, Bwana wetu Yesu Kristo. Ulezi wa heshima ya mwanamke mgeni ulianza langoni, mchana kweupe.

Kwa hiyo, wapendwa, tuna deni la pande mbili. Ninyi wachumba, msiombe kuaminiwa bila shahidi. Anzeni mapema, jiandikisheni katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa mnamopanga, na andikeni nyumbani kuomba vyeti. Nasi wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya, tusiligeuze lango kuwa ukuta. Barua isipojibiwa, tuipige simu parokia ya huko. Asiye na ukoo mjini, tuwe ukoo wake kama walivyofanya waliotutangulia Bagamoyo. Na majina yanaposomwa baada ya Komunyo, tusiyasikilize kama matangazo ya mchango. Tusikilize kama wazee wa langoni, maana pengine mwanamke mmoja huko mbali hana mtu mwingine wa kumsemea.

Mungu awabariki nyote. Amina.