Diwani ya Phillis Wheatley na Sahihi Kumi na Nane

Tarehe 29 Februari 1772 gazeti moja la mji wa Boston, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, lilitangaza diwani ambayo ilikuwa bado haijapigwa chapa. Tangazo lilitaja anwani za mashairi ishirini na nane, moja baada ya jingine, na likaeleza kwamba mtungaji ni msichana mweusi, mtumwa katika nyumba ya Bwana John Wheatley. Walitakiwa wanunuzi 300 wajiandikishe. Wakitimia, kazi ingeingia matbaani. Hawakutimia.

Desturi ya kuwaandikisha wanunuzi kabla ya kitabu kuwapo ilikuwa ya kawaida katika karne ile. Karatasi ilikuwa ghali, na mwenye matbaa hakupenda kutia mali yake katika tungo za mtu asiyejulikana. Hivyo mshairi, au mfadhili wake, alizunguka na orodha, akakusanya majina na ahadi za fedha, na mara nyingi majina hayo yakachapwa ndani ya kitabu chenyewe, hata mnunuzi akapata mashairi na heshima pamoja. Kwa njia hiyo Robert Burns, mkulima wa Uskochi, alipata diwani yake ya kwanza mwaka 1786: nakala 612 zilizochapwa na John Wilson katika mji mdogo wa Kilmarnock, kwa shilingi tatu nakala moja. William Blake wa London hakungoja mtu. Mwaka 1789 alichora mashairi na picha zake juu ya mabamba ya shaba, akayachapa mwenyewe, mkewe Catherine akimsaidia. Lakini Burns alikuwa na majirani waliokubali kumwekea sahihi, na Blake alikuwa fundi huru mwenye zana zake. Msichana wa Boston hakuwa na hili wala lile.

Aliletwa bandarini hapo Julai 1761 kutoka pwani ya Afrika Magharibi, katika merikebu iliyoitwa Phillis, na jina la merikebu ndilo alilobandikwa. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo alikisiwa kuwa na umri wa miaka saba. John Wheatley, mshoni aliyetajirika kwa biashara, alimnunua ili amtumikie mkewe Susanna. Binti yao Mary akamfundisha kusoma, na bwana wake aliandika baadaye kwamba katika muda wa miezi kumi na sita mtoto yule alikuwa akisoma hata sehemu ngumu za Biblia. Akaendelea na Kilatini. Desemba 1767, akiwa na miaka kama kumi na minne, shairi lake la kwanza lilitokea katika gazeti la Newport.

Bahari aliyoishika ni ile ya zama zake: mishororo ya mizani kumi, miwili miwili kwa kina kimoja, kama alivyozoea kuandika Alexander Pope. Wapo wahakiki waliomlaumu baadaye kwa kuiga. Lawama hiyo haina uzito. Kila mshairi wa Kiingereza wa miaka hiyo aliyetaka kusomwa alipita humo humo, na hakuna aliyewauliza wao kwa nini. Sehemu kubwa ya tungo zake ni mbolezi, nyingi kwa ajili ya watu wa Boston waliofiwa, na mbolezi moja ndiyo iliyomtoa. Mhubiri mashuhuri George Whitefield alipofariki Septemba 1770, Phillis alitunga, shairi likachapwa peke yake, likauzwa Marekani na likavuka bahari hadi Uingereza. Humo alimtaja Selina Hastings, Countess wa Huntingdon, ambaye Whitefield alikuwa kasisi wake.

Mlango uliofungwa Boston ukafunguliwa kwa njia hiyo. Susanna Wheatley alipoona wanunuzi 300 hawapatikani, aliupeleka mswada London kwa mkono wa nahodha Robert Calef. Mwenye duka la vitabu Archibald Bell akakubali kuuchapa, na Countess akaridhia atabarukiwe diwani. Alitaka pia picha ya mtungaji itiwe mwanzoni mwa kitabu. Ipo hadi leo: kijana ameketi mezani, kalamu mkononi, kidole shavuni, na pembezoni pameandikwa kuwa ni mtumishi wa Bwana John Wheatley. Hata katika picha iliyomtukuza, jina la mwenye mali halikukosekana.

Palitakiwa na ushahidi vilevile. Mchapishaji alikwisha kuonywa kwamba wengi watashuku kuwa mashairi si yake. Basi diwani ikabeba tamko lenye sahihi za waungwana kumi na wanane wa Boston, wakithibitisha kwamba waliamini tungo hizo zimeandikwa na Phillis, ambaye miaka michache tu kabla alikuwa ameletwa kutoka Afrika. Miongoni mwao walikuwamo gavana Thomas Hutchinson, naibu wake Andrew Oliver, na tajiri John Hancock. Masimulizi mengi huwakusanya mabwana hao katika chumba kimoja na kumsimamisha msichana mbele yao kama mshitakiwa, akiulizwa sarufi ya Kilatini. Ni taswira yenye nguvu, ila hakuna kumbukumbu ya kikao hicho. Kilichopo ni karatasi yenye majina, nayo inatosha kuwa ajabu: ni diwani ngapi za karne ile zilizolazimika kuja na mashahidi?

Mei 1773 Phillis alisafiri London pamoja na Nathaniel, mtoto wa bwana wake. Alikutana na Granville Sharp, mtetezi wa watumwa, aliyemtembeza katika ngome ya mji, na Benjamin Franklin alikwenda kumwamkia. Kabla kitabu hakijatoka, habari zikaja kwamba Susanna ni mgonjwa, akarudi. Diwani ilitoka Septemba, yeye hayupo. Wahakiki wa London waliwasuta watu wa Boston, wanaojigamba kwa kupenda uhuru, huku wakimweka mtunzi wa namna hiyo katika utumwa. Barua yake ya tarehe 18 Oktoba 1773 inasema kwamba bwana wake, kwa ombi la marafiki wa Uingereza, amemwacha huru.

Barua hiyo hiyo inaonyesha upande wa Phillis usiotajwa sana, wa mtu anayeijua bei ya kazi yake. Anamweleza rafiki wa New Haven kwamba nusu ya mauzo ni haki yake, anamwomba awahimize watu wajiandikishe, na awakataze wachapaji wa huko wasikinakili kitabu. Wakikinakili, nakala ya kweli itajulikana kwa sahihi aliyoitia kwa mkono wake. Sahihi kumi na nane za mabwana zilikuwa za kuthibitisha kwamba ana akili. Ya kumi na tisa, yake mwenyewe, ilikuwa ya kulinda riziki. Nakala zake zilifika Boston mwishoni mwa Novemba katika merikebu Dartmouth, ambayo ilikuwa pia na shehena ya chai. Chai ilitupwa baharini tarehe 16 Desemba. Vitabu vilinusurika.

Ndani ya diwani hiyo limo shairi fupi la mishororo minane kuhusu kuletwa kwake kutoka Afrika, linalowaudhi wasomaji wengi hadi sasa kwa kuishukuru rehema iliyomtoa kwao. Wanaolishutumu wasome na lile alilomwandikia Earl wa Dartmouth. Hapo anamwambia waziri huyo wa makoloni kwamba mapenzi yake ya uhuru yalitokana na kuporwa mikononi mwa baba yake, na anauliza ni uchungu gani uliomshika mzazi yule.

Susanna alifariki Machi 1774, na vita vya uhuru wa Marekani vikafuata. Phillis aliolewa na John Peters, mtu mweusi huru. Oktoba 1779 alitangaza kitabu cha pili: mashairi thelathini na matatu na barua kumi na tatu, kwa kumtabaruku Franklin. Bei ilikuwa pauni kumi na mbili kwa nakala iliyojalidiwa, kwa kuwa vita vilikuwa vimeiangusha fedha, na nusu ilitakiwa kulipwa mtu anapojiandikisha. Nani angejiandikisha kwa mashairi katika mji ulionyauka? Orodha haikujaa. Septemba 1784 ombi lilitolewa tena katika jarida la Boston, nalo halikuitikiwa. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka kama thelathini na mmoja.

Miaka miwili baadaye diwani yake ya 1773 ilichapwa Philadelphia, chapa yake ya kwanza katika ardhi ya Marekani. Mswada wa kitabu cha pili ulibaki kwa mumewe, ukapotea. Baadhi ya tungo zake zimegunduliwa katika barua na magazeti ya siku zile. Nyingine zinajulikana kwa anwani tu, jinsi zilivyopangwa katika tangazo la 1779.