Asili ya Kuvua kwa Nzi wa Manyoya: Kutoka Mto Astraeus hadi Lualaba

0. Utangulizi

Vitabu vingi vya Ulaya huugawa uvuvi katika mafungu mawili yasiyolingana kwa heshima. Fungu la kwanza ni uvuvi wa kutafuta kitoweo: nyavu, migono, nyua za matete, mishipi na ndoana. Huo huachiwa wataalamu wa mila na desturi. Fungu la pili ni uvuvi wa ufito mrefu, uzi mwepesi na mdudu wa bandia aliyefungwa kwa manyoya ya ndege juu ya ndoana. Huo una wanahistoria wake na maktaba zake, na aghalabu husimuliwa kama sanaa iliyobuniwa na waungwana wa Uingereza kwa ajili ya burudani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi wa kihistoria. Tutadai kwamba uvuvi wa fungu la pili ulizaliwa ndani ya lile la kwanza, mikononi mwa wanavijiji waliotafuta kitoweo, na kwamba chanzo chake ni elimu ya kuutazama mto. Kisha tutauliza swali linalotuhusu sisi wakazi wa nchi ya Lualaba: elimu hiyo hupatwa na nini pale mto wenyewe unapoharibika?

1. Jina na tatizo lake

Kabla ya kusimulia historia ya jambo hatuna budi kulipa jina. Msomaji anaweza kupendekeza papo hapo "uvuvi wa nzi". Lakini jina hilo lina kasoro. Tukisema uvuvi wa dagaa, uvuvi wa pweza au uvuvi wa kamba, nomino inayofuata kihusishi -a hutaja kinachovuliwa. Tukisema uvuvi wa jarife au uvuvi wa mshipi, nomino hiyo hutaja chombo. Msikilizaji hupambanua maana hizi mbili kwa sababu anajua kwamba dagaa ni samaki na jarife ni wavu. Nzi, hata hivyo, ni kiumbe hai kama dagaa, na kwa hiyo "uvuvi wa nzi" huleta picha ya mtu anayewinda nzi.

Wala neno "chambo" halitoshi peke yake. Chambo cha kawaida, kama vile mnyoo, kipande cha nyama au donge la ugali, humvuta samaki kwa harufu na ladha pamoja na sura. Nzi wa manyoya hana harufu wala ladha. Humdanganya samaki kwa macho tu, na akishang'amuliwa hutemwa mara moja. Kwa hiyo katika makala haya tutasema "kuvua kwa nzi wa manyoya": kihusishi "kwa" kinaonyesha chombo bila utata, na neno "manyoya" linaonyesha kwamba nzi huyo ni kazi ya mikono.

2. Wavuvi wa Makedonia

Maelezo ya kale zaidi yaliyo wazi kuhusu uvuvi huu yamo katika kitabu cha 15 cha maandishi juu ya tabia za wanyama yaliyotungwa na Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki na aliyeishi kati ya takriban mwaka 175 na 235 baada ya Kristo. Anaeleza habari za Makedonia, mahali ambapo mto uitwao Astraeus ulipita kati ya Beroia na Thesaloniki. Mtoni humo waliishi samaki wenye madoadoa, na juu ya maji aliruka mdudu ambaye wenyeji walimwita Hippouros, yaani mkia wa farasi. Mdudu huyo alifanana kidogo na nzi, kidogo na nyigu na kidogo na nyuki, lakini hakuwa yeyote kati yao. Alipotua juu ya maji, samaki alipanda polepole chini ya kivuli chake na kummeza.

Wavuvi waliyaona hayo yote, lakini hawakuweza kumtumia mdudu mwenyewe. Aelianus anatoa sababu: mkono wa binadamu ukimgusa, rangi yake hufifia, mabawa hunyauka na samaki hamtaki tena. Ndipo walipobuni hila. Waliizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili yaotayo chini ya undu wa jogoo, yenye rangi kama ya nta. Ufito wao ulikuwa na urefu wa futi sita, na uzi ulikuwa na urefu uo huo.

Mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, waliobuni hila hiyo hawatajwi majina. Aelianus anawaita wenyeji wa nchi, na wala hadai kwamba aliifundisha yeye. Pili, ubunifu ulitokana na kushindwa: mdudu halisi alikuwa laini mno kukaa kwenye ndoana. Tatu, vifaa vilikuwa vya nyumbani, sufu ya kondoo na manyoya ya jogoo. Hakuna burudani katika habari hii. Kuna samaki anayetakiwa, mdudu asiyeshikika, na mtu aliyekaa kando ya maji siku nyingi akitazama.

3. Kutoka mtoni hadi kitabuni

Baada ya Aelianus maandishi yananyamaza kwa karne nyingi, lakini ukimya wa maandishi si ukimya wa mito. Maandishi yanapoanza kusema tena, yanasema kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Katika monasteri ya Tegernsee, huko Bavaria, uliandikwa takriban mwaka 1500 mswada unaoorodhesha manyoya na nyuzi za hariri za kufungia ndoana kwa ajili ya samaki mbalimbali. Uingereza, mwaka 1496, mchapaji Wynkyn de Worde alichapa risala juu ya uvuvi wa ndoana inayoeleza nzi kumi na wawili, waliopangwa kwa kufuata miezi. Kwa desturi risala hiyo hunasibishwa na mtawa wa kike aitwaye Juliana Berners, ingawa hakuna uthibitisho. Huko Japani nako, wavuvi wa milimani walitumia ufito, uzi na ndoana ya manyoya bila kujifunza kwa Waingereza, nao waliwauza samaki wao ili wapate riziki.

Kilichofanywa na Uingereza ni kuugeuza ufundi huo kuwa fasihi. Kitabu maarufu cha Izaak Walton kilitoka mwaka 1653. Mwaka 1676 Charles Cotton alikiongezea sehemu juu ya nzi wa manyoya. Mwaka 1886 Frederic Halford alichapisha kitabu chake kuhusu nzi wa kuelea, na wafuasi wake wakaujengea uvuvi huo kanuni kali za adabu. Hivyo mchezo ulipata sheria, sheria zikapata chama, na chama kikajisahaulisha kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa mwanakijiji mwenye jogoo uani. Anayeandika ndiye anayekumbukwa kama mwanzilishi. Sisi ambao lugha zetu ziliandikwa juzijuzi tu twaijua sana hali hiyo.

4. Mwaka 1905 katika milima ya Nyandarua

Uvuvi huu uliingia Afrika ya Mashariki ukiwa tayari umevaa sura ya mchezo wa mabwana, na uliletwa pamoja na samaki wake. Mwaka 1905 mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yalifikishwa Kenya kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa safari yake kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, na samaki wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua iliyoitwa na wakoloni Aberdare. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri.

Jadi ya Wagikuyu waliokaa chini ya milima hiyo haikuwa ya kula samaki. Kwa hiyo mito iligeuzwa kuwa bustani za samaki wageni, kwa ajili ya wavuvi wageni wenye leseni. Lakini wadudu hawakuja melini. Trauti wa Uskoti ilimpasa kula wadudu wa Nyandarua, naye mvuvi aliyetaka kumdanganya ilimpasa kuwajua wadudu hao hao. Elimu ya mahali ililazimika kurudi hata pale ilipodharauliwa.

Jambo la kushangaza zaidi ni lililofuata. Kenya imekuwa mojawapo ya nchi mashuhuri kwa kufunga nzi wa manyoya. Mafundi wa Kiafrika, wanawake kwa wanaume, huwafunga kwa mikono, mmoja mmoja, katika karakana, na nzi hao huuzwa Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Uskoti anayetupa uzi wake leo huenda ameshika kazi ya vidole vya fundi wa Kenya. Vidole hivyo, kama vya wavuvi wa Astraeus, havina jina kitabuni.

5. Ndoana katika nchi ya Lualaba

Tuje sasa nyumbani. Kama uvuvi una historia ndefu mahali popote, ni katika mito ya Kongo. Huko Katanda, kwenye mto Semliki, zimechimbuliwa chusa za mifupa zenye meno, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 na John Yellen, Alison Brooks na wenzao yalizikadiria kuwa na umri wa takriban miaka 90,000. Karibu nasi zaidi, Lualaba unapoteremka kutoka nyanda za Kolwezi, huingia katika bonde la maziwa la Upemba. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958 walifukua makaburi, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliuendeleza uchunguzi huo katika bonde zima. Kutoka kipindi cha Kikisale, kilichoanza takriban karne ya 8, wafu walizikwa na vyungu, mapambo ya shaba iliyotoka kwenye ukanda wa machimbo upande wa kusini, na vyombo vya chuma, zikiwemo ndoana na chusa. Ndani ya vyungu vingine ilikutwa mifupa ya samaki.

Ushahidi wa lugha unaafikiana na wa majembe ya wachimbuzi. Wataalamu wa Kibantu wamekisia mzizi wa kale *-dob-, wenye maana ya kuvua kwa ndoana. Kibemba kina kitenzi ukuloba na nomino ubulobo. Kiganda kina okuloba na eddobo. Lingala ina ndobo. Kiswahili kina ndoana, ambamo sauti b imedondoka kati ya irabu, kama ilivyodondoka katika nguo, ambayo Kibemba hutamka ingubo. Mzizi ulioenea hivyo ni dalili kwamba ndoana ni mali ya kale ya wasemaji wa lugha hizi, wala haikuletwa na mzungu katika sanduku.

Je, mbona basi hatukufunga manyoya? Jibu si upungufu wa uangalifu. Katika eneo la Mutshatsha, kama kote katika nyanda hizi, mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi ardhini, samaki hupanda kuwapokea wale wanaoanguka majini. Mtoto aliyekulia kando ya mto analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Tena anajua kwamba kumbikumbi ni laini, mabawa yake hupukutika na mwili wake huteleza kwenye ndoana. Ni tatizo lile lile la Makedonia. Ila mvuvi wetu alikuwa na njia nyingine za kulitatua: mgono, uzio, na utupa, mmea wa kulewesha samaki ambao Kibemba huuita ububa. Njia hizo hulisha kijiji, ilhali ufito hulisha mtu mmoja. Elimu ya mto ilikuwa ile ile, lakini mahitaji yalikuwa tofauti.

6. Mto unaponyamaza

Wadudu wanaoigwa zaidi na mafundi wa manyoya ni wale ambao wataalamu huwaita Ephemeroptera, yaani wa siku moja. Huishi majini kwa muda mrefu wakiwa lava, kisha huota mabawa, hupandana na kufa kwa muda wa saa chache au siku chache. Mmoja wao, Povilla adusta wa Ziwa Viktoria, hutoka majini kwa kufuata mwezi mpevu, kama alivyoonyesha R. Hartland-Rowe mwaka 1955. Kundi hili lina sifa nyingine: lava wao ni miongoni mwa viumbe wa kwanza kutoweka pale maji yanapoingiwa na metali.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mwaka 1952 bwawa la Nzilo lilianza kutoa umeme kwa ajili ya machimbo, na mto ukageuka ziwa. Tangu enzi za ukoloni hadi leo, mabaki ya viwanda vya shaba na kobalti yameingia katika mito ya Luilu na Musonoi, ambayo humwaga maji yake katika Lualaba. Huwaza samaki tu watu wanapolalamika, lakini kabla ya samaki huondoka mdudu. Na mdudu akiondoka, huondoka pia jina lake, msimu wake, na jicho lililozoea kumtazama.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kuvua kwa nzi wa manyoya hakukuanza kwa waungwana wala kwa vitabu. Kulianza kwa wenyeji wasiojulikana ambao walimjua mdudu wao vizuri kiasi cha kuweza kumwigiza. Elimu ya namna hiyo ilikuwepo na ingalipo kandokando ya Lualaba, japo ilichukua umbo jingine.

Wajibu unaotuangukia sisi wa masomo ya Kiswahili ni mdogo, lakini hauahirishiki. Wanafunzi wetu wanaotoka Mutshatsha, Bukama na Malemba-Nkulu wana wazee ambao bado wanayajua majina ya wadudu wa majini na misimu yao kwa Kisanga, Kiluba, Kindembo na lugha nyinginezo. Wayakusanye majina hayo, wayapambanue na wayaandike, kila jina pamoja na mto wake na mwezi wake. Wavuvi wa Astraeus walipata mtu mmoja wa kuwaandika, naye alikuwa mgeni. Wazee wetu wana watoto wao wenyewe waliosoma.