Pesa Zinazovuka Mpaka: Kenya na Uganda Katika Mizani

Mwanafunzi mmoja hapa Nagongera aliwahi kuniuliza swali katika kipindi cha tafsiri. Alikuwa amesoma gazetini kwamba Wakenya walio ughaibuni hutuma nyumbani pesa nyingi kuliko raia wa Uganda. "Mwalimu," akasema, "ina maana sisi hatupendi kwetu?" Darasa lilicheka, lakini swali lile lilistahili jibu la kihistoria.

Tuanze na takwimu. Mwaka 2010 Kenya ilipokea takriban dola milioni 642 za Marekani kwa hesabu za Benki Kuu yake. Mwaka huo huo Uganda ilikuwa mbele kidogo, ikipita milioni 700. Kufikia 2019 mizani ilikuwa imegeuka: Kenya takriban bilioni 2.8, Uganda kama bilioni 1.4. Mwaka 2024 Kenya ilikaribia bilioni 5. Idadi ya watu haitoshi kueleza tofauti hii, kwani sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ya Uganda ya 2024 milioni 45.9.

Sababu mojawapo ni mahali watu walikokwenda. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilipeleka vijana 81 Marekani, na wengine wakafuata. Njia hiyo haikufungwa tena, na leo zaidi ya nusu ya pesa zinazoingia Kenya hutoka Marekani. Vijana wengi wa Uganda wa karne hii wameelekea Saudia na Falme za Kiarabu, wakawa walinzi na watumishi wa nyumbani. Mshahara wa yaya wa Riyadh haulingani na wa muuguzi wa Texas, hata kama mapenzi yao kwa mama zao ni mamoja.

Hata hivyo, sisi wa mpakani tunajua kwamba mkondo huu umewahi kugeuka. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia ya kupitia Tororo na hapa Nagongera ikaiunganisha Kampala mwaka 1931. Wafanyakazi kutoka Kenya walikuja Uganda, wakapeleka mishahara kwao. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu yao. Haikupita miaka mingi, utawala wa Amin (1971–1979) ukawatimua walimu na madaktari wa Uganda, wengi wakapata kazi katika shule na hospitali za Kenya. Sasa aliyekuwa mpokeaji akawa mtumaji. Benki hazikuaminika, kwa hiyo pesa zilipitia mkononi mwa jamaa au dereva, zikafika zikiwa sukari, sabuni na karo. Hakuna kitabu cha benki kilichoziandika.

Hapo ndipo palipo na kasoro ya kila ulinganisho: takwimu huhesabu kilichopita mlangoni, si kilichopita dirishani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma ya MTN Uganda mwaka 2009. Lakini hapa Busia mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi. Mama wa upande wa Uganda mwenye laini ya Kenya akitumiwa shilingi na mwanawe aliye Nairobi, hesabu huiona kama pesa iliyotoka Kenya ikabaki Kenya. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili. Ukoo mmoja umegawanywa katika safu mbili za jedwali.

Walimu wenzangu, tunapofundisha neno *ughaibuni*, tukumbuke kwamba asili yake ni *ghaibu*, yaani kutokuwepo, kutoonekana. Nyuma ya kila dola yupo mtu ambaye hayupo mezani wakati wa chakula. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hakituelezi nani alikesha akikijaza.

Kwa mwanafunzi wangu, basi, jibu ni hili: takwimu zile zinapima njia, mishahara na vyombo vya kupitishia pesa. Mapenzi ya nyumbani hayana safu katika jedwali. Ukitaka kuyajua, muulize bibi yako ni nani aliyelipa karo ya baba yako, na pesa hizo zilivukaje mpaka. Yaandike atakayosema, kwa Kiswahili, kabla hayajawa ghaibu nayo.