Tabaka jembamba juu ya lenzi bandia laweza kuzuia ukungu machoni

Mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyepasuliwa na kuwekewa lenzi bandia kwa kawaida huanza kuona vizuri baada ya siku chache. Hata hivyo, wapo wanaorejea hospitalini miezi au miaka baadaye wakilalamika kuwa ugonjwa umerudi. Kitaalamu sivyo, kwani lenzi iliyoondolewa haioti tena. Kinachotokea ni kwamba seli zilizosalia katika kifuko cha lenzi huongezeka, zikatambaa hadi nyuma ya lenzi bandia na kuziba njia ya mwanga.

Tatizo hilo hutibiwa kwa leza, ambayo hutoboa kifuko hicho kwa dakika chache. Lakini mashine yake ni ghali, na mtu aliyepasuliwa katika kambi ya macho kijijini aweza kuwa mbali nayo. Kwa watoto wadogo, ukungu huo ni vigumu kuuepuka iwapo kifuko kitaachwa kizima. Kwa sababu hiyo, watafiti wanaushughulikia uso wa lenzi yenyewe.

Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa na Daktari Harold Ridley katika Hospitali ya St Thomas', London, Novemba 29, 1949. Ilikuwa ya plastiki ngumu, ya jamii ile ile ambayo vipande vyake viliingia machoni mwa marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili bila kuleta madhara makubwa. Jicho huivumilia plastiki hiyo, ingawa si kikamilifu: seli za kinga hunata juu yake, hususan kwa wenye kisukari au uvimbe ndani ya jicho.

Jibu la awali lilikuwa heparini, dawa inayofahamika zaidi kwa kuzuia damu kuganda. Ilipounganishwa na uso wa lenzi hizo katika miaka ya 1980, uso uligeuka kuwa wenye kupenda maji, na seli za kinga zilizonata zikapungua. Bakteria nao hupata shida kuung'ang'ania.

Ugumu uko hapa. Ili kuzuia ukungu wa nyuma, lenzi hutakiwa ishikamane na kifuko, seli zisipate upenyo. Lenzi za akriliki zisizopenda maji, zilizoenea katika miaka ya 1990, zilifaulu kwa kunata huko pamoja na kingo zake kali za mraba. Uso unaoteleza, basi, huondoa kero moja na huenda ukaikaribisha nyingine.

Baadhi ya watafiti wamejaribu tabaka linaloiga utando wa seli za mwili, ilhali wengine hupachika dawa ya kuua seli zilizosalia kifukoni. Dawa hiyo haipaswi kufika kwenye konea, ambayo seli zake za ndani zikifa hazizaliwi upya. Aidha, tabaka lenyewe lazima libaki angavu kwa miongo kadhaa, tena lisipasuke lenzi inapokunjwa ili kupitishwa kwenye tundu la milimita mbili au tatu.