Wimbo Unapotangulia Hadithi: Albamu Iliyozaa *Neptune Frost*

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umekutana na jibu hili: nyimbo zimetumiwa ili kuondoa uchovu. Hapa Werugha nimelisahihisha hadi kalamu nyekundu ikachoka. Lakini zipo kazi ambamo wimbo ulizaliwa kwanza, hadithi ikaufuata.

Nazungumzia filamu zilizojengwa juu ya albamu yenye kisa kimoja, yaani albamu ambayo nyimbo zake zote zinamhusu mhusika au wazo moja. Uingereza ilitangulia. *Tommy* ya kundi la The Who ilitoka mwaka 1969 ikawa filamu mwaka 1975. *The Wall* ya Pink Floyd, ya mwaka 1979, ikawa filamu mwaka 1982. Hayo ni ya mbali.

Ya jirani ni *Neptune Frost*. Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, alitoa albamu ya *MartyrLoserKing* mwaka 2016. Kiini chake ni mdukuzi wa kompyuta aliyeko Burundi. Williams na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, wakaigeuza kuwa filamu. Waliipiga Rwanda, wakiwashirikisha wasanii wa huko pamoja na Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015. Ilionyeshwa Cannes mwaka 2021. Humo utasikia Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili chetu pia.

Sasa tazama msuko. Mchimbaji wa koltani, madini yanayotumika kuundia simu, anauawa na mlinzi mgodini. Ndugu yake, Matalusa, anatoroka na kuishia miongoni mwa wadukuzi. Hebu tamka *Martyr Loser* harakaharaka kwa ulimi wa kwetu. Umesikia? Jina la albamu limegeuka jina la mhusika. Ukitaka majazi, ndiyo hayo. Dhuluma ya mgodini nayo inabebwa na ngoma na sauti za wachimbaji kuliko hotuba yoyote. Mwanafunzi anayeyajua machimbo ya vito ya Kasigau hatahitaji kuelezwa mandhari hayo.

Sisemi filamu haina dosari. Katikati msuko unalegea, na mafumbo yanarundikana. Naona ni urithi wa albamu: nyimbo zake ziliunganishwa na wazo zaidi ya matukio, na wazo peke yake halisukumi kisa mbele.

Jaribu hili darasani. Chukua tamthilia mnayoisoma, funika kila wimbo kwa kipande cha karatasi, kisha waulize watahiniwa ni tukio gani sasa halieleweki.